Ndugu wa Nani?

Watu wawili ni ndugu ikiwa wana mzazi mmoja. Katika lugha ya kompyuta iitwayo Prolog, sentensi hiyo huandikwa hivi:

ndugu(X, Y) :- mzazi(Z, X), mzazi(Z, Y).

Alama ya nukta mbili na kistari isome "ikiwa", na mkato wa katikati usome "na". Basi, umeshaandika programu. (Kwa fasili hii kila mtu ni ndugu wa nafsi yake mwenyewe, kasoro ambayo wanafunzi huigundua mapema na kuicheka. Tuiache.) Huiambii kompyuta ianze na nini na imalizie na nini. Unaiambia lipi ni kweli, kisha unaiuliza maswali, nayo inatafuta majibu kwa kufuata mantiki.

Sasa mchukue mwenzako katika mradi huohuo, aliyelelewa mahali ambapo ndugu ni yeyote wa ukoo, hadi mjukuu wa binamu ya babu. Naye anaandika uhusiano wake na kuuita ndugu. Mafaili yenu yakipakiwa pamoja kwa njia ya zamani, Prolog hailalamiki. Vifungu vyako na vyake vinaungana, na neno ndugu linapata maana ya tatu ambayo hakuna kati yenu aliyeikusudia. Programu inaendelea kujibu maswali, tena kwa ujasiri.

Majina hugongana katika kila lugha ya programu. Dawa yake inajulikana: igawe programu katika moduli, yaani vyumba, kila chumba kiwe na majina yake, na mlangoni kibandikwe orodha ya majina ambayo wa nje wanaruhusiwa kuyatumia. Lugha nyingi zilifanya hivyo na kusonga mbele. Familia ya Prolog imelihangaikia jambo hili kwa miongo kadhaa, ikapata hadi kiwango rasmi cha kimataifa ambacho takriban hakuna aliyekifuata. Wapo wanaosema ni uzembe wa wanataaluma wasiojali kazi za mtaani. Mimi siamini hivyo. Kinachoifanya Prolog ipendeze ndicho hichohicho kinachotoboa kuta zake, na historia ya moduli zake ni historia ya watu waliokigundua kitu hicho mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa njia yake.

Tuanzie Marseille, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1972. Alain Colmerauer alikuwa amerudi kutoka Montreal, alikofanya kazi ya tafsiri kwa mashine, na hamu yake ilikuwa lugha ya binadamu: alitaka mtu azungumze na kompyuta kwa Kifaransa cha kawaida. Philippe Roussel alikuwa naye, na kutoka Edinburgh alikuja Robert Kowalski, aliyejua namna ya kuifanya mantiki iendeshe hesabu. Jina Prolog, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki, lilipendekezwa na mke wa Roussel. Programu yao kubwa ya kwanza ilipokea taarifa fupi kuhusu madaktari wa akili, wagonjwa wao na bwana mmoja aitwaye Jacques wa Marseille. Kisha ikajibu maswali. Ilipoulizwa kama Jacques mwenyewe ni mgonjwa, ilisema haijui, na kwa taarifa ilizopewa hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi.

Programu ile ilikuwa na vifungu 610. Colmerauer aliandika zaidi ya nusu, sehemu ya kuchambua sentensi. Robert Pasero aliandika sehemu ya kufikiri. Henry Kanoui alishughulikia maumbo ya maneno ya Kifaransa, umoja na wingi, vitenzi na mwisho wake. Watu watatu, kazi tatu zilizotenganika waziwazi, na hapakuwa na ukuta wowote kati yao. Hawakuuhitaji. Vifungu 610 vinaenea katika kurasa chache, na watu watatu wa maabara moja wanaweza kukubaliana kwa mdomo nani ametumia jina gani.

Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1972, David Parnas, aliyekuwa akifundisha Pittsburgh nchini Marekani, alichapisha makala fupi ambayo bado inasomeshwa. Hoja yake ilikuwa kwamba programu isigawanywe kwa kufuata hatua za kazi. Igawanywe kwa kufuata siri: kila moduli ifiche uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika kesho, ili ukibadilika usiwaguse wengine. Prolog na wazo la kuficha siri ni watoto wa mwaka mmoja. Walikua mbalimbali bila kujuana.

Walipokutana, haikuwa California wala London. Ilikuwa Budapest. Wahungari waliipokea Prolog mapema, katikati ya miaka ya 1970, na waliifanyisha kazi za kweli: kuchunguza dawa zinazogombana mwilini, kupanga ramani za nyumba za ghorofa. Programu zilikua, waandishi wakaongezeka, na makubaliano ya mdomo hayakutosha tena. Péter Szeredi na wenzake wakatengeneza MProlog, na herufi M ilisimamia moduli. Wao walichagua ukuta mrefu kuliko wote. Kila neno ndani ya moduli ni mali ya moduli hiyo, isipokuwa limetangazwa kuwa la wote.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la Prolog ambalo wanaotoka kwenye lugha nyingine hulishangaa. Katika Prolog, programu na data huvaa nguo moja. Neno ndugu laweza kuwa jina la uhusiano, kama katika mstari wetu wa juu. Laweza pia kuwa neno tu, kitu cha kuhifadhi katika orodha pamoja na jirani na rafiki. Laweza kuanza kama neno katika orodha, likachomolewa, likapewa X na Y, na papo hapo likawa swali linaloulizwa. Huu ndio uzuri wenyewe. Programu ya Prolog inaweza kusoma sentensi, kujenga swali ambalo halikuwahi kuandikwa na mtu, na kulijibu.

Basi fikiria ukuta wa Budapest. Kama neno lenyewe ni mali ya moduli, ndugu ya faili lako na ndugu ya faili langu ni maneno mawili tofauti, hata kama yameandikwa kwa herufi zilezile. Ukinipa orodha yenye neno ndugu, nami nikitafuta ndugu ndani yake, silipati. Herufi ninaziona, neno silo. Kwa usalama, mpango huu hauna mshindani. Kwa watu wanaobadilishana data siku nzima, unachosha, maana itabidi kila neno la kawaida litangazwe kuwa la hadhara kabla halijatumika.

Njia ya pili ilitoka California, na ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi wake wa kompyuta za kizazi cha tano, chini ya Kazuhiro Fuchi, ukiwa na mantiki kama msingi wake. Ghafla Prolog ikawa habari ya magazetini na ya mawaziri, na wenye mitaji wa Marekani wakaanza kuitafuta. Kampuni ya Quintus ilianzishwa mwaka 1984, na mmoja wa waanzilishi alikuwa David H. D. Warren, aliyeonyesha huko Edinburgh mwaka 1977 kwamba Prolog inaweza kuwa na kasi ya kutosha kwa kazi halisi. Quintus walikuwa na wateja, na wateja walikuwa na programu kubwa. Walihitaji moduli zinazofanya kazi, hata kama wanafalsafa wangenuna.

Uamuzi wao ulikuwa huu: maneno ni ya wote, maana ni ya kila nyumba. Neno ndugu ni moja duniani, na ukinipa orodha nitaliona. Lakini uhusiano unaoitwa ndugu, yaani vifungu vinavyosema nani ni ndugu ya nani, ni wa moduli fulani. Juu ya faili unaandika mstari mmoja tu:

:- module(ukoo, [ndugu/2]).

Maana yake: hii ni moduli ukoo, na kitu pekee inachokitoa nje ni ndugu wa watu wawili. Nikiutazama leo mstari ule naona ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka na mwenye akili nzuri. Unasomeka bila mwalimu.

Tatizo lilijificha katika zile nguo za kufanana. Tuseme kuna maktaba yenye uhusiano unaoitwa chuja: unaupa swali na orodha ya watu, unakurudishia wale ambao jibu lao ni ndiyo. Mimi nauambia: wachuje watu hawa kwa swali la ndugu wa Juma. Maktaba inapokea neno, inaligeuza kuwa swali, inaliuliza. Inaliuliza wapi? Iko ndani ya nyumba yake yenyewe, na ndugu ya kwangu haijulikani huko. Ni kama kumtuma mtoto kwa jirani na ujumbe, "mwite baba". Mtoto anaufikisha kama alivyoambiwa, na jirani anamwita baba yake yeye.

Quintus waliziba tundu hilo kwa tamko la ziada. Mwenye maktaba anatangaza mapema kwamba chuja hupokea swali, na si neno la kawaida tu. Kompyuta ikishajua, inaugonga ujumbe muhuri wa nyumba ulikotoka kabla haujavuka mlango: ndugu, wa moduli ya mtumaji. Inafanya kazi. Lakini inategemea kumbukumbu ya mwandishi wa maktaba, na ukishajua hivyo, usingizi unapungua. Halafu mifumo iliyokopa mpango wa Quintus haikukopa kwa namna moja. SICStus ya Uswidi ilifuata njia ya kugonga muhuri wakati programu inapotayarishwa. SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987, ilichagua kazi ileile ifanyike wakati programu inapoendeshwa, kila uhusiano wa namna hiyo ukirithi nyumba ya aliyeuita. Kwa mifano ya darasani huoni tofauti. Kwa programu kubwa, hapo ndipo kazi ya kuhamisha msimbo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine inapogeuka kuwa wiki mbili za kutafuta sindano.

Tena ukuta wenyewe ulikuwa pazia. Katika mifumo ya ukoo wa Quintus, ukiandika jina la moduli, nukta mbili, kisha jina la uhusiano ambao mwenyewe hakuutangaza, unaingia na kuutumia. Hakuna anayekuzuia. Moduli ya namna hii inamtegemea mgeni apige hodi, kama nyumba za mitaa mingi tunayoijua: mlango uko wazi, kitambaa kinapepea, na mtu mwenye adabu haingii hadi aambiwe karibu. Utaratibu huo unafaa mtaani, ila Parnas alikuwa akizungumzia komeo.

Wakati wahandisi wakigonga mihuri, kulikuwa na mtu aliyeuliza swali tofauti kabisa. Dale Miller, huko Philadelphia, hakuuliza namna ya kuipachika Prolog moduli kwa nje. Aliuliza kama mantiki yenyewe inazo tayari. Makala zake za mwaka 1986 na 1989 ndizo ninazozipenda kuliko zote katika historia hii, na pengine ndizo zilizosomwa na wachache zaidi kati ya walioandika programu za kulipwa.

Wazo lake linaweza kusemwa kwa lugha ya nyumbani. Kuna swali la kawaida: je, jambo hili ni kweli? Na kuna swali la "ikiwa": je, ikiwa tutayakubali haya, jambo hili litakuwa kweli? Kujibu swali la pili, unayachukua yale uliyoambiwa uyakubali, unayaongeza kwenye programu, unajibu, kisha unayatoa. Basi hiyo ndiyo moduli. Moduli ni dhana unayoikubali kwa muda wa swali moja, na swali likiisha nayo inaondoka. Kuficha jina nako kulipatikana humohumo: unapojibu, unatunga jina jipya ambalo halijawahi kuonekana popote, na asiyewahi kuliona hawezi kulitaja. Hapo siri inalindwa na hesabu, haihitaji adabu ya mgeni.

Ili hilo lisimame, Miller alilazimika kuachana na mantiki tunayofundishwa mwanzo, ile inayosema kila kauli ni kweli au si kweli. Chukua kauli hii: "Ama mvua inanyesha, au, ikiwa mvua inanyesha, basi shule imefungwa." Katika mantiki ya mwanzo kauli hii ni kweli daima, hata kama shule na mvua havihusiani kabisa. Mvua ikinyesha, upande wa kwanza umetimia. Isiponyesha, "ikiwa" ya upande wa pili inatimia bure. Sasa itazame kwa jicho la mwandishi wa programu. Upande wa pili umeikubali mvua kwa muda, kwa ajili yake peke yake, na kukubali huko kumevuja hadi kukaupa upande wa kwanza nguvu. Kwa maneno mengine, moduli imetoboka. Miller alitumia mantiki nyingine, ambamo kusema jambo ni kweli maana yake ni kuwa na uthibitisho wake mkononi, na humo uvujaji ule haupo. Kwamba tofauti kati ya mantiki mbili, iliyozua ugomvi mkali kati ya wanahisabati wa mwanzoni mwa karne ya 20, ingeibuka kama suala la faili gani linaruhusiwa kuona jina gani, sidhani kama kuna aliyeitabiri.

Miller na Gopalan Nadathur waliyaweka mawazo haya katika lugha ya λProlog, ambayo bado inatumiwa na watu wa kuthibitisha nadharia. Haikuchukua nafasi ya Quintus, na sababu ni ya kihandisi. Kwa mpango wa Miller, uhusiano uleule unaweza kuwa na maana moja saa hii na nyingine baadaye, kutegemea nani ameuliza na amekubali nini. Kompaila haiwezi kuamua mapema, na kompaila isiyoweza kuamua mapema haina kasi. Wateja wa miaka ya 1980 walilipia kasi.

Kisha wakaja watu wa viwango. Sehemu ya kwanza ya kiwango cha ISO cha Prolog ilitoka mwaka 1995 na ikaliruka suala la moduli, likingoja sehemu ya pili. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2000. Iliitenga orodha ya mlangoni na mwili wa moduli, kama vitabu vya uhandisi vinavyoshauri, na kwenye karatasi si kazi mbaya. Ila Quintus walikuwa wameshatangulia kwa miaka mingi. Mstari ule mmoja wa juu ya faili ulikuwa umeandikwa katika maelfu ya mafaili, kwenye mifumo mingi, na watu ambao wengine hawakujua kwamba kuna kamati. Hakuna mwenye mfumo aliyeona faida ya kuwaambia watumiaji wake waandike upya. Mwaka 1998, miaka miwili kabla kiwango hakijachapishwa, Quintus Prolog yenyewe ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa SICS, taasisi ya Uswidi iliyokuwa ikitengeneza SICStus. Kampuni ilikwisha, mstari wake ukabaki kuwa sheria ambayo hakuna aliyeitunga rasmi.

Wapo waliochoka na kuhama. Zoltan Somogyi na wenzake wa Melbourne walitengeneza Mercury katikati ya miaka ya 1990, na wao walizivua zile nguo za kufanana: uhusiano ni uhusiano, neno ni neno, kila kitu kina aina yake iliyotangazwa. Kuta zikasimama mara moja. Matokeo yake ni lugha nzuri sana ambayo si Prolog, na programu ya Marseille isingeweza kuandikwa humo bila kufikiriwa upya. Kwa Manuel Hermenegildo na kundi la Ciao huko Madrid, njia ilikuwa kubaki nyumbani na kukaza milango, ili kompyuta iweze kuichunguza programu nzima kabla haijaendeshwa. Paulo Moura wa Ureno akajenga Logtalk juu ya Prolog zote kwa pamoja, kama mtu aliyechoshwa na ugomvi wa wapangaji akaamua kujenga ghorofa lake juu ya paa.

Mwaka 2006 Rémy Haemmerlé na François Fages, watafiti wa Ufaransa, walirudi kwenye suala la mtoto na ujumbe wake na kulichambua kwa hesabu. Walionyesha kwamba ukitaka siri ya moduli ilindwe kweli, lazima utenganishe vitu viwili ambavyo Prolog imezoea kuviita kimoja: neno linalogeuzwa kuwa swali na yeyote aliyelishika, na swali lililofungwa pamoja na anwani ya mwenyewe. Ukiviacha vikae katika kitu kimoja, mwenye werevu atapita. Nilipoyasoma hayo kwa ajili ya tasnifu yangu, niliyaona yameandikwa kwa upole mwingi kwa habari nzito kiasi hicho. Walikuwa wanasema kwamba uhuru wa Marseille na komeo la Parnas havikai nyumba moja kwa ukamilifu, na kwamba kila mfumo unaopendwa leo umechagua ni upande gani upunguziwe.

Colmerauer alifariki mwaka 2017. Mwaka 2022 wanaprolog waliadhimisha miaka 50, na kundi kubwa la watengenezaji wa mifumo hii likaandika pamoja makala ndefu ya kutathmini walipofika. Humo moduli zimo katika orodha ya mambo yanayoizuia programu ya mfumo mmoja kukimbia katika mwingine. SWI-Prolog na YAP wamekuwa wakishirikiana kupunguza tofauti zao, maktaba kwa maktaba. Kazi hiyo haina makala za kusisimua. Mtu anafungua faili la mwenzake, anasoma orodha ya mlangoni, anaangalia ni wapi mwenzake alisahau kutangaza kwamba neno fulani ni swali, anaandika tamko lililokosekana, na anaendelea na faili linalofuata.